India na Pakistan kwenye kriketi ya Testi: yanayosemwa na yaliyotokea

Anayeujua upinzani wa India na Pakistan kupitia Kombe la Dunia peke yake ana picha moja tu kichwani: mechi ya ova 50 (ova moja ni mipira sita inayorushwa), kelele za kutwa nzima, na India inaondoka na ushindi. Kwa Kombe la Dunia la ova 50 picha hiyo ni ya kweli, maana hadi 2023 timu hizi zilikuwa zimekutana humo mara 8 na India ikashinda zote 8. Tatizo linaanza pale watu wanapoihamishia kwenye Testi, zile mechi za siku tano ambazo kila timu ina zamu mbili za kupiga. Huko hesabu ni nyingine kabisa.

Dhana: India ndiyo mbabe wa Pakistan

Testi zilizochezwa ni 59, kuanzia Oktoba 1952 hadi Desemba 2007. Pakistan imeshinda 12, India 9, na 38 zimekwisha kwa sare. Ukizigawa kwa viwanja, jambo linajitokeza wazi: nyumbani kila timu imeshinda mara 7, ngoma droo. Tofauti yote iko ugenini. Pakistan imeshinda 5 kwenye ardhi ya India (Lucknow 1952, Bangalore 1987, Chennai na Kolkata 1999, kisha Bangalore tena 2005), na India imeshinda 2 tu nchini Pakistan, zote mwaka 2004, Multan na Rawalpindi. Kabla ya Multan, India ilikuwa imecheza Testi 20 nchini humo bila kushinda hata moja.

Msimu ulioiumiza India kuliko yote ni ule wa 1982/83. Pakistan ilishinda 3–0 katika mfululizo wa Testi sita, na mrushaji wake Imran Khan peke yake akaangusha wiketi 40, yaani akawatoa wapigaji mara 40. Mjini Karachi alichukua wiketi 8 katika zamu moja, huku akifungwa mikimbio 60 tu (mikimbio ndiyo alama za kriketi). Silaha yake ilikuwa mpira uliochakaa. Upande mmoja wa mpira husuguliwa kwenye suruali ukang'aa, wa pili unaachwa ukwaruzike kwenye ardhi kavu. Baada ya ova 40 au zaidi, mrushaji mwenye kasi anaweza kuufanya upinde dakika za mwisho, tena kuelekea upande ambao mpigaji hautarajii. Wapigaji wa India walikuwa wamezoea kupumua mpira ukishazeeka, na kipindi hicho ndicho kilichowamaliza.

Dhana: Sare maana yake mikimbio imelingana

Aliyelelewa na soka hudhani hivyo. Kwenye Testi, sare ni muda kwisha kabla mshindi hajapatikana. Timu inaweza kuwa nyuma kwa mikimbio 300 na bado ikatoka sare, mradi siku ya tano jua linazama na wapigaji wake wawili bado wamesimama. Mikimbio kulingana kabisa baada ya zamu zote kumalizika ni tukio jingine, na limetokea mara mbili tu katika historia nzima ya Testi: Brisbane 1960, Australia na West Indies, na Chennai 1986, India na Australia. India na Pakistan hazijawahi.

Dhana: Sare 38 ni uthibitisho kwamba hawakuwa wakitaka kushinda

Hapa kuna ukweli nusu. Woga ulikuwepo, na ulikuwa na sababu: nahodha aliyefungwa na jirani alijua kinachomsubiri nyumbani. Bishan Bedi aliiongoza India Pakistan mwaka 1978, akafungwa 2–0, na unahodha ukaenda kwa Sunil Gavaskar. Lakini woga hautoshi kueleza sare 13 mfululizo, yaani mbili za mwisho za 1952, tano za 1954/55, tano za 1960/61 na ile ya Faisalabad iliyofungua mfululizo wa 1978.

Piga hesabu ya muda. Siku moja ya Testi kwa kiwango cha sasa ni ova 90, yaani mipira 540. Siku tano ni mipira 2,700. Ili ushinde, kwa kawaida warushaji wako wanapaswa kuangusha wiketi 20. Timu ya kwanza ikipiga ova 180, siku mbili zimekwenda. Wapinzani wakijibu kwa ova 180 nyingine, siku ya nne imekwisha na zamu mbili hazijaguswa. Sasa ondoa siku nzima, kwa sababu Testi za 1954/55 zilikuwa za siku nne, halafu weka pichi (ukanda wa katikati ambako mpira hurushwa) iliyoshindiliwa mpaka mpira hauzunguki wala hauruki. Hata nahodha jasiri hana pa kutokea.

Mfano safi ni Faisalabad, Oktoba 1984. India ilipiga 500. Pakistan ikajibu 674 kwa wiketi 6 (wapigaji sita wakiwa wametolewa), na muda ukaisha hapo hapo. Siku tano, wiketi 16, kila timu zamu moja tu. Mudassar Nazar alitolewa akiwa na 199, mkimbio mmoja pungufu ya mia mbili. Aliyefunga nyingi kuliko wote siku hizo alikuwa Qasim Umar, mikimbio 210, na huyu ni mzaliwa wa Nairobi. Wapenzi wa kriketi wa Kenya humsahau mara nyingi, pengine kwa sababu wanatafuta majina yao kwenye mechi za siku moja tu.

Dhana: Upinzani ulianza 1947, nchi zilipogawanywa

Kisiasa, sawa. Uwanjani ulichelewa miaka mitano. Pakistan ilipata hadhi ya Testi Julai 1952 na ikacheza ya kwanza Delhi, Oktoba mwaka huo. Ilifungwa kwa zamu nzima na mikimbio 70 (zamu zake mbili zilipungua mikimbio 70 kuifikia zamu moja ya India), Vinoo Mankad akiangusha wiketi 13. Wiki moja baadaye, Lucknow, mchezo uligeuka: pichi haikuwa ya nyasi bali ya mkeka wa juti, Mankad hakucheza, na Fazal Mahmood akautumia mkeka ule kuangusha wiketi 12. Nazar Mohammad alifungua zamu ya Pakistan na kubaki hadi mwenzake wa mwisho alipotolewa, akiwa na 124. Hiyo ndiyo mara ya kwanza mchezaji wa Pakistan kufikisha mikimbio mia kwenye Testi. India ilishinda mfululizo 2–1.

Wala timu zile mbili hazikuwa za wageni waliokutana mara ya kwanza. Abdul Hafeez Kardar, nahodha wa kwanza wa Pakistan, aliichezea India mwaka 1946 nchini Uingereza. Amir Elahi naye aliichezea India kabla ya Pakistan. Gul Mohammad alibaki India kwanza, kisha akaichezea Pakistan Testi moja mwaka 1956.

Na lipo hili ambalo huwashangaza hata mashabiki wa siku nyingi: Testi ya kwanza kabisa ya Pakistan nyumbani, Januari 1955 dhidi ya India, ilichezwa Dhaka, mji ambao leo ni makao makuu ya Bangladesh.

Dhana: Mashabiki wa upande mmoja hawawezi kuupigia makofi upande wa pili

Mwanzoni mwa 1999 hali ilikuwa mbaya. Wanaharakati wa kisiasa walichimbua pichi ya Delhi kuzuia ziara ya Pakistan, na Testi ya kwanza ikahamishiwa Chennai. India ilihitaji mikimbio 271 kushinda. Ikawa na 82 kwa wiketi 5. Mpigaji wake Sachin Tendulkar, mgongo ukimsumbua, akaivusha hadi 254, akiwa na 136 zake, kisha akanaswa kwa mpira wa Saqlain Mushtaq. Zilibaki 17 tu, wiketi tatu mkononi. Tatu hizo zikaanguka kwa mikimbio 4, na Pakistan ikashinda kwa 12. Wachezaji wake walipouzunguka uwanja, watazamaji wa Chennai walisimama wakawapigia makofi.

Asiwepo wa kukuambia kwamba hiyo ndiyo picha kamili. Hazijapita wiki tatu, Kolkata, Tendulkar alikuwa akigeuka kumalizia mkimbio akagongana na Shoaib Akhtar, na mpira uliotupwa kutoka mbali ukagonga vijiti vya wiketi akiwa nje ya mstari. Mwamuzi wa tatu akamtoa. Chupa zikarushwa, mchezo ukasimama. Siku ya tano vurugu zilirudi, polisi wakawaondoa watazamaji kwa makumi ya maelfu, na Pakistan ikamalizia ushindi wa mikimbio 46 mbele ya viti vitupu. Kinachosahaulika kwenye simulizi za vurugu ni kwamba siku ya kwanza Pakistan ilikuwa na 26 kwa wiketi 6. Saeed Anwar ndiye aliyeifufua katika zamu ya pili, kwa 188 bila kutolewa.

Dhana: Anil Kumble wa India ndiye wa kwanza kuangusha wiketi zote 10 za zamu moja

Ni wa pili. Jim Laker wa Uingereza alitangulia mwaka 1956, 10 kwa 53 dhidi ya Australia, na Ajaz Patel wa New Zealand akafuata mwaka 2021 mjini Mumbai. Kumble alifanya yake Delhi, Februari 1999: 10 kwa 74. Pakistan ilikuwa ikifukuzia 420, ikafika 101 bila wiketi kuanguka, kisha ikaporomoka yote kwa 207. Kumble alipofikisha tisa, Javagal Srinath, aliyekuwa akirusha upande wa pili, alianza kupeleka mipira mbali na wiketi makusudi, asije akaichukua ya kumi. Ikamwangukia Wasim Akram.

Dhana: Waamuzi wasio na upande waliletwa na shirikisho la kimataifa

Pakistan ilitangulia, na iliowaita kwanza walikuwa Wahindi. Mwaka 1986, Pakistan ikicheza na West Indies nyumbani, waamuzi walikuwa V. K. Ramaswamy na Piloo Reporter kutoka India. India ilipokwenda Pakistan mwaka 1989, ziara ambayo Tendulkar mwenye miaka 16 na Waqar Younis walianza Testi zao katika mechi moja, waamuzi walikuwa Waingereza John Hampshire na John Holder. Shirikisho lilikuja kudai mwamuzi mmoja wa nje mwaka 1994, na wote wawili mwaka 2002.

Dhana: Rahul Dravid alimwonea wivu Tendulkar

Multan, 2004. Virender Sehwag ameshapiga 309, wa kwanza wa India kufikisha mia tatu. Tendulkar yuko na 194, na Dravid, nahodha wa muda baada ya Sourav Ganguly kuumia, anafunga zamu (anaisimamisha kwa hiari kabla wapigaji hawajaisha) India ikiwa na 675 kwa wiketi 5. Watu bado wanabishana.

Sababu ya kiufundi ipo: ilikuwa jioni ya siku ya pili, na nahodha alitaka wapinzani waliochoka kulinda mpira wapige ova kadhaa kabla ya giza, wakati mpira mpya ungali mgumu. Kufunga zamu mapema pia si jambo geni katika upinzani huu. Januari 1983, mjini Hyderabad wa Sindh, Imran Khan alifunga zamu Javed Miandad akiwa na 280, baada ya yeye na Mudassar Nazar kushirikiana kwa mikimbio 451. Nahodha wote wawili walishinda kwa zamu nzima. Kwa upande mwingine, India ilimaliza kazi ya Multan asubuhi ya siku ya tano, ikabakiza karibu siku nzima. Dakika 20 za kusubiri zisingeharibu kitu, ila hilo tunaliona sisi tunaosoma matokeo. Dravid hakuwa nayo.

Dhana: Testi zao zilichezwa Sharjah pia, na bado zinaendelea

Sharjah ilipokea mechi nyingi za siku moja kati yao, na Dubai imepokea za siku moja na za T20 (ova 20 kwa kila timu). Testi hata moja. Zote 59 zilichezwa kwenye ardhi ya mmoja wao, ukiihesabu Dhaka ya wakati ule.

Kuhusu kuendelea, ya mwisho ilimalizika Bangalore tarehe 12 Desemba 2007. Pengo la kwanza lilikuwa refu karibu sawa na hili, kutoka 1961 hadi 1978, na ndani yake kulikuwa na vita vya 1965 na 1971. Safari hii kilichokata uzi ni mashambulizi ya Mumbai ya Novemba 2008, yaliyoifanya India isitishe ziara ya Pakistan. Pakistan ilikwenda India mwishoni mwa 2012, ila kwa mechi za siku moja na T20 tu.

Ubingwa wa Dunia wa Testi ulioanza 2019 haujabadilisha hali. Timu ni tisa, kila moja hucheza mifululizo sita kwa mzunguko, kwa hiyo kila timu lazima iwaache wapinzani wawili. India na Pakistan huachana kila mara. Mlango pekee ndani ya mashindano hayo ni fainali. India imeshafika mbili, za 2021 na 2023, ikafungwa zote. Pakistan haijafika hata moja, na fainali zote tatu za mwanzo zilichezwa Uingereza.