Umetoka kubadilisha matairi, taa ya upepo imewaka

Matairi mapya yamefungwa, balansi imekaa sawa, usukani hautetemeki. Halafu inawaka ile taa ya njano: umbo la tairi lililokatwa kati, na alama ya mshangao ndani yake. Wateja wanaonipigia simu kuhusu taa hii huwa wameshatoa hukumu kwamba fundi amevunja sensa, yaani kile kipima upepo kilicho ndani ya tairi, na kilichobaki ni kujua nani atailipia. Hutokea kweli. Lakini kuvunjika ni sababu moja tu kati ya kadhaa, na nyingi ya hizo nyingine huisha bila kununua kitu. Kabla hujatoa pesa, isome taa yenyewe, kwa sababu umbo hilo hilo moja hutoa taarifa mbili tofauti.

Washa gari uitazame. Taa za dashibodi zote huwaka sekunde chache kisha huzima; huo ni ukaguzi wa kawaida. Taa ya tairi ikibaki imewaka tuli, gari linasema kuna tairi lenye upepo mdogo. Ikipepesa kwa dakika moja hadi moja na nusu, ndipo ikatulia ikiwa inawaka, gari linasema mfumo wenyewe wa kupima upepo una hitilafu na haliwezi kukuhakikishia chochote kuhusu upepo. Kanuni za Marekani, zilizolazimisha mfumo huu kwenye magari madogo yote mapya kuanzia Septemba 2007, ndizo zilizoweka huko kupepesa kwa sekunde 60 hadi 90 pale ambapo taa moja inafanya kazi zote mbili. Umoja wa Ulaya ulifuata, ukaulazimisha kwa magari mapya yote ya abiria kuanzia Novemba 2014. Magari mengine huandika ujumbe badala ya kupepesa. Tatizo ni kwamba dereva huiona taa akiwa njiani, wakati imeshatulia, na hapo zote mbili zinafanana. Simama pahali salama, zima gari, liwashe upya, utazame kwa utulivu.

Tuanze na taa iliyotulia. Hapa dawa ni geji, si skana. Pima matairi yakiwa ya baridi, yaani gari limelala kwa saa kadhaa, na ulinganishe na namba zilizo kwenye kibandiko cha fremu ya mlango wa dereva. Usichukue namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi. Hiyo ni kikomo cha tairi, haihusiani na uzito wa gari lako. Mafundi wengi hujaza kipimo kimoja kwa magari yote, mbele na nyuma, kwa mazoea tu. Kama kibandiko chako kinataka psi 36 nyuma na umejaziwa 30, basi umeanza safari ukiwa umeshapita nusu ya njia ya kuiwasha taa.

Joto nalo lina mkono wake. Kwenye tairi la gari dogo, hewa ikipoa kwa nyuzi 10 za Selsiasi presha hushuka kwa karibu psi 1.5. Tairi lililojazwa mchana wa jua kali, au mara baada ya gari kukimbia, litasoma pungufu alfajiri bila kuvuja hata kidogo. Ndiyo maana wengi huniambia taa huwaka asubuhi na kuzima yenyewe wakishatembea. Hapo hakuna muujiza wala sensa mbovu: kuna tairi lililo ukingoni, linalohitaji upepo kidogo.

Na usiigeuze taa kuwa geji. Kanuni ya Marekani inataka onyo litoke presha inapopungua kwa asilimia 25 chini ya kibandiko. Kwa gari la psi 33 hiyo ni kama psi 25. Unaweza kutembea na psi 27 miezi mizima, matairi yakiliwa pembeni na mafuta yakienda, taa ikiwa imezima kabisa. Kwa hiyo ikiwaka tuli baada ya huduma na geji ikathibitisha, chukulia kwamba kuna uvujaji mpaka uone vinginevyo. Paka maji ya sabuni kwenye mdomo wa valvu, kwenye shina lake linapoingia rimu, na kwenye mzunguko ambapo tairi linakalia rimu. Rimu yenye kutu au mabaki ya mpira wa zamani ambayo hayakusuguliwa huvuja polepole hapo, na povu dogo dogo litakuonyesha.

Sasa hicho kitufe cha SET, au ile menyu ya kuweka upya. Watu hukibonyeza ili taa iondoke. Kwenye magari mengi kitufe hicho hulifundisha gari kwamba presha iliyopo sasa ndiyo sahihi. Ukikibonyeza tairi likiwa na psi 24, umeliambia psi 24 ni nzuri, na litanyamaza hadi hali iwe mbaya zaidi. Kwanza jaza upepo, ndipo ubonyeze.

Kuna magari ambayo hayana sensa ndani ya tairi kabisa, na wenye nayo huuziwa sensa wasizozihitaji. Mfumo wao hutumia vipimo vya mwendo wa magurudumu vya breki za ABS. Tairi lililopungua upepo huwa na kipenyo kidogo zaidi linapobingirika, hivyo huzunguka haraka kuliko wenzake, na kompyuta huigundua tofauti hiyo. Ujanja mzuri, ila fikiria kinachotokea ukibadilisha matairi. Tairi jipya huwa na kina cha kashata cha milimita 8 hivi. Lililochakaa, milimita 3. Hizo milimita 5 kwenye nusu kipenyo cha milimita 320 ni zaidi ya asilimia moja na nusu, na upungufu wa upepo unaotakiwa kuwasha taa unaweza kuleta tofauti ndogo kuliko hiyo. Ukifunga mawili mapya na kuacha mawili ya zamani, kompyuta inaona magurudumu yasiyolingana na inalalamika. Hapo jaza upepo sawasawa, weka mfumo upya, kisha endesha kwa mwendo wa kawaida ili ujifunze upya. Basi. Utautambua mfumo huu kwa jambo moja: dashibodi haikuonyeshi presha ya kila tairi kwa namba. Kuna magari yenye sensa ambayo nayo hayaonyeshi namba, kwa hiyo kitabu cha gari ndicho kitakachokata shauri.

Taa inayopepesa ni habari nyingine, na hapa ndipo kazi yangu ilipo hasa.

Sensa ni kijikasha cha plastiki cha gramu 30 hivi, kilichoshikana na shina la valvu upande wa ndani wa rimu. Ndani yake kuna kipima presha, kipima mwendo, redio ndogo na betri iliyozibwa ndani ya gundi ngumu. Gari likisimama, sensa hulala ili isile betri. Likianza kukimbia, huamka na kutuma ujumbe kila baada ya muda: presha, joto, na namba yake ya utambulisho. Hiyo namba ndiyo kiini cha mambo. Gari halijui sensa. Linajua namba nne lilizoandikiwa, au tano pale ambapo spea tairi nayo ina sensa. Ukifunga sensa mpya yenye namba ngeni, hata iwe nzima na ya bei kubwa, gari litaipuuza kama mgeni asiyebisha hodi.

Kumtambulisha mgeni huyo kuna njia tatu, na gari ndilo linaloamua, si fundi. Magari mengine hujifunza yenyewe: uliache limesimama dakika 15 au 20, kisha uliendeshe kwa muda kama huo bila kusimama simama. Mengine hutaka uliingize katika hali ya kujifunza, halafu upite tairi kwa tairi kwa mpangilio maalum ukiwa na kifaa kinachoiamsha sensa kwa mawimbi ya kilohezi 125, na gari hupiga honi kila linapoikubali moja. Kundi la tatu halisikilizi chochote mpaka namba ziandikwe kwenye kompyuta yake kupitia soketi ya skana chini ya usukani. Anayekwambia "zungusha tu gari, itazima" anaweza kuwa sahihi kwa kundi la kwanza na akakupotezea wiki nzima kwa kundi la tatu. Njia ya mkato ninayoipenda ni kuinakili namba ya sensa ya zamani kwenye sensa mpya inayoandikika. Gari halitajua kama kuna kilichobadilika.

Masafa ya redio nayo huwaponza watu, hasa wanaonunua sensa mtandaoni au wenye magari yaliyotumika yaliyotoka nchi nyingine. Magari ya Ulaya hutumia megahezi 433. Ya Japani na mengi ya Marekani Kaskazini hutumia 315, ingawa Marekani zipo pia za 433. Sensa mbili zinaweza kufanana kwa sura, kwa skrubu na kwa valvu, zikawa za masafa tofauti, na hakuna mafunzo yoyote yatakayozipatanisha. Soma maandishi mgongoni mwa ile ya zamani kabla hujaagiza.

Kama hakuna sensa iliyobadilishwa, umebadilisha matairi tu na taa sasa inapepesa, kuna washukiwa wawili wakuu. Wa kwanza ni umri. Betri hudumu kati ya miaka 5 na 10 na haibadilishwi peke yake. Sensa iliyokuwa inakata roho inaweza kufa wiki ile ile ya matairi mapya bila kosa la mtu. Kwa gari la miaka 8 ambalo bado lina sensa za kiwandani, ushauri wangu ni kubadilisha zote nne siku ile matairi yakiwa yamevuliwa. Zimezaliwa siku moja na zitakufa zikifuatana, nawe utalipia kuvua na kubalansi mara nne.

Mshukiwa wa pili ni mashine. Kabla ya kuvua tairi, bamba la mashine hulibana ubavu ili litoke kwenye ukingo wa rimu. Bamba hilo likisukumwa pale pale valvu ilipo, ubavu wa tairi huingia ndani na kuikandamiza sensa. Utasikia mlio mkavu mdogo. Fundi mwangalifu huweka valvu mbali na bamba kila anapobana, na anapoingiza chuma cha kunyanyulia tairi huangalia sensa iko wapi. Ukitaka kujua kama unahudumiwa na mtu anayejua, tazama kama anaitafuta valvu kwa macho kabla hajakanyaga pedali.

Sensa yenye shina la chuma ina vitu vyake vidogo vinavyopaswa kubadilishwa kila tairi linapovuliwa: mpira wa kuzibia, washa, nati, moyo wa valvu na kifuniko. Mpira uliokwisha bonyea haurudi hali yake. Moyo wa valvu uwe wa kupakwa nikeli. Ule wa shaba wa kawaida, ukikaa ndani ya shina la alumini lenye unyevu na chumvi, huliwa na kutu na kushikana nalo. Vifuniko vya chuma vya urembo hufanya hivyo hivyo. Nimeshika valvu za namna hii mkononi: unakizungusha kifuniko kwa koleo, hakitoki, na shina zima linakatika kama chaki huku upepo wote ukitoka. Kifuniko cha plastiki hakina tatizo hilo. Nati nayo hukazwa kwa spana ya kipimo, si kwa nguvu ya mkono, kwani torki yake ni newtonmita chache tu.

Dawa ya kuziba pancha inayomiminwa ndani ya tairi inaweza kuziba tundu la kupimia presha. Ukiitumia, mwambie fundi ili aisafishe au aikague sensa anapovua.

Wapo wanaobandika utepe juu ya taa. Wapo pia wanaofungia sensa zote nne ndani ya bomba la plastiki lililojazwa upepo na kulitupa kwenye buti, gari likaamini matairi yako salama milele. Nakiri ni ubunifu, lakini bomba hilo litaendelea kusoma psi 33 hata pale tairi litakapokuwa limebaki chapati.

Kama bado hujaenda kubadilisha matairi, uliza kwanza kama fundi ana kifaa cha kusoma sensa. Aziamshe moja moja gari likiwa bado na matairi ya zamani, akuonyeshe namba, presha na hali ya betri pale inaposomeka. Piga picha ya kioo cha kifaa. Arudie baada ya kufunga. Iliyosoma mwanzo na isisome mwisho imevunjwa mle ndani, na anailipia yeye. Isiyosoma tangu mwanzo ni yako.