Ngome ya Amu si ya Wareno, jamani

Wiki iliyopita imetokea tena. Niko Mkunguni, uwanja wa mbele ya ngome yetu hapa Amu (Lamu), na wageni wangu, tumekaa kivulini tunangoja jua lipungue ndo tuingie ngomeni, mara anatokea mwalimu mmoja kutoka bara na wanafunzi wake kama arubaini hivi, anasimama katikati ya usita mpaka punda wanakosa pa kupita, ananyoosha kidole na kutangaza, "Hii ndiyo ngome iliyojengwa na Wareno." Na wote wakaandika! Mzee aliyekuwa akicheza bao pale pembeni akanitizama, nami nikamtizama, akashusha macho akaendelea na kete zake. Yeye ashachoka kitambo. Mimi bado.

Kazi yangu ni kutembeza wageni, mwaka wa kumi na saba huu (msiniite gaidi tafadhali, nina watoto), na nikihesabu walioniambia habari ya Wareno hapo mlangoni sitamaliza leo. Wengine wananiambia mimi, tena wananirekebisha.

Haya. Wareno Amu walifika, sikatai. Mwaka 1506 walikuja na merikebu zao wakiwa wametoka kuichoma Oja, kule karibu na mdomo wa Tana, na mfalme wa Amu alipopata habari akaona bora alipe kodi kuliko mji kugeuka majivu. Wakachukua chao. Ila hii ngome siyo yao. Mombasa walifukuzwa Fort Jesus mwaka 1698, wakairudia kidogo 1728, mwaka uliofuata wakatolewa moja kwa moja. Ngome ya Amu ilikwisha kujengwa mwaka 1821. Fanya hesabu mwenyewe. Karibu miaka mia Mreno hayupo, sasa alijenga kwa rimoti?

Najua linakotoka hili kosa. Mtu ameiona Fort Jesus, anafika hapa anaona ukuta mkubwa wa matumbawe na chokaa, basi, ukuta mkubwa ni Mreno. Lakini hebu tazama umbo. Fort Jesus ilichorwa na Mtaliano, Giovanni Battista Cairati, pembe zake zimechongoka kwa hesabu za mizinga ya Ulaya. Yetu ni kuta nne zinazozunguka ua, na minara ya mviringo pembeni, mtindo ambao ukienda Oman utaukuta. Kama mtu ana kiu ya Wareno apande gari aende Malindi, nguzo ya Vasco da Gama iko pale, apige picha hadi achoke.

Sasa wapo wenzangu, tena wa kazi hii hii, wakishamaliza kumcheka mwalimu wanasema "ilijengwa na Waomani," halafu wananyamaza kama wamefunga kitabu. Hapa ndo huwa napandwa na presha, maana nusu ya kweli inakera kuliko uongo wenyewe. Aliyeanza ni Fumo Madi, sultani wa Pate, kisiwa jirani, wakati ule Pate wanaitawala Amu na Wamu hawamtaki. Yani ngome ilianza kama kinga ya watu wake dhidi ya sisi wenyewe! Akafariki 1809 hata ghorofa ya kwanza haijakwisha. Halafu ndo vikaja vita vya Shela, 1812 kwa wengi, wengine wanasema 1813, Wapate na Wamazrui wa Mombasa wakashuka pale ufuoni na Wamu wakawapiga, na wazee watakwambia wale waliokimbilia vyombo vyao walikuta maji yameshatoka, vyombo vimekaa mchangani. Baada ya ushindi Wamu wakaogopa kisasi, wakamwita Seyyid Said wa Oman awalinde, ndipo ujenzi ukamalizwa kwa msaada wake na askari Wabaluchi wakawekwa ndani. Kwa hiyo ngome ilianzwa na adui wa Amu, ikamalizwa na mlinzi ambaye Wamu walimwita wenyewe halafu hakuondoka. Hiyo sentensi nataka mwalimu awape wanafunzi waiandike.

Nitasema ukweli mwingine ambao kwenye ziara huwa naupitia haraka. Mgeni akiniuliza, "Nionyeshe kazi ya Fumo Madi inapoishia na ya Seyyid Said inapoanzia," siwezi. Nimepapasa zile kuta miaka yote hii. Chokaa imepakwa juu ya chokaa, halafu Waingereza wakaifanya jela tangu 1910, ikabaki jela hata baada ya uhuru mpaka 1984, halafu ukarabati wa makumbusho juu yake. Nikiona mwenzangu anagonga jiwe na kusema "hapa ni Pate, pale ni Oman," mimi nageuka natazama bahari.

Na bahari yenyewe ina neno. Watu wanaiona Mkunguni wanadhani mtu alikaa akachora uwanja kama ile ya Ulaya, ngome huku, soko kule, miti katikati. Hapana. Ngome ilijengwa ufuoni kabisa, leo kutoka mlangoni hadi gatini ni kama mita sabini, mji ndio uliosukumana na maji polepole. Uwanja ni nafasi tu iliyobaki, ikapata mkungu, mkungu ukaleta kivuli, kivuli kikaleta wazee na wauza kahawa. Mama yangu enzi za jela alikuwa akienda soko la pale pembeni anapita mbio bila kuangalia ukutani, na mpaka leo ukimwambia twende ngomeni tukaone maonyesho anakuuliza, "Nimefanya nini?"

Mkija, njooni baada ya alasiri, nunueni kahawa kwanza, na wale wa bao msiwapige picha kabla hamjawaomba.

Mwalimu nilimfuata, nikamweleza taratibu pembeni, si mbele ya wanafunzi wake. Akasikiza vizuri, akashukuru, akaandika kwenye simu. Halafu akatizama punda wanaopita na mifuko ya simiti, akaniuliza, "Na hawa je, si ndo walioletwa na Wareno?"