Je, bendi yaweza kubaki ileile waanzilishi wake wakishaondoka wote?

Msimu wa korosho ukifika na wakulima wakalipwa, mabango ya muziki hujaa kwenye kuta na nguzo kuanzia Masasi hadi Mtwara mjini, na bendi za Dar es Salaam hushuka kusini. Likibandikwa bango la bendi kongwe tu, ubishi unaanza. Wenyewe si walishakufa? Hawa wanaokuja ni akina nani? Mashabiki wa roki huko Uingereza na Marekani wana ubishi huohuo, na kwao umefika mpaka mahakamani. Mimi nashikilia kwamba bendi yaweza kubaki yenyewe hata asipobaki mwanzilishi hata mmoja, ila kwa sharti moja: waliopo leo wawe wamepiga bega kwa bega na waliotangulia, na hao nao na waliowatangulia.

Ushahidi mzuri kuliko wote ni wa mwaka 1974. Bendi ya roki ya Fleetwood Mac ilianzishwa London mwaka 1967, na mpiga gitaa Peter Green, ambaye ndiye aliyeiasisi, alishajiondoa mwaka 1970. Ziara yao ya Marekani ikavunjika katikati. Meneja wao, Clifford Davis, akadai kwamba jina ni mali yake, akakusanya wanamuziki wengine kabisa na kuwapandisha jukwaani huko Marekani kwa jina la Fleetwood Mac. Walikuwa wanamuziki wa kweli, vyombo wanavijua. Lakini watu waliokata tiketi walipoona hakuna hata sura moja wanayoifahamu, walilalamika, ziara ikafa na kesi zikafuata.

Mwisho wa mwaka uleule, Fleetwood Mac wenyewe, ambao walikuwa wamehamia California, waliwachukua wageni wawili, Lindsey Buckingham na Stevie Nicks. Wageni hao walibadilisha karibu kila kitu: uimbaji, utunzi, hata aina ya muziki, kutoka bluzi ya Kiingereza hadi nyimbo za redioni. Mwaka 1977 bendi hiyo ikatoa Rumours, moja ya albamu zilizouzwa zaidi katika historia ya roki, na hakuna aliyesema hii si Fleetwood Mac. Mwaka mmoja, jina moja, makundi mawili yenye wageni; moja likakataliwa, jingine likapokelewa. Tofauti yao ilikaa upande wa nyuma wa jukwaa: Mick Fleetwood kwenye ngoma na John McVie kwenye besi, watu wawili ambao bendi ilipewa jina kutokana na majina yao, na ambao kila mgeni aliyeingia ilimbidi atembee kwa mwendo wao.

Ndiyo maana napinga wazo kwamba roho ya bendi iko kwa mwimbaji. Mwimbaji ndiye tunayemtazama, lakini mapigo yanaamuliwa na watu tusiowatazama. Chukua AC/DC, bendi ya ndugu wawili, Angus na Malcolm Young, iliyoanza Sydney mwaka 1973. Mwimbaji wao Bon Scott alifariki Februari 1980. Kufikia Julai mwaka huohuo walishatoa Back in Black wakiwa na mwimbaji mpya, Brian Johnson, na albamu hiyo iliuzwa kuliko zote zilizotangulia. Aliyekuwa ameshika usukani ni Malcolm, aliyepiga gitaa la rizim. Sikiliza anavyofanya: anapiga kodi, yaani nyuzi kadhaa kwa pamoja, anaikata, anaacha ukimya mfupi, ndipo anapiga nyingine. Katika ule ukimya ndimo ngoma inasikika, na shingo ya msikilizaji inaanza kutikisika yenyewe. Malcolm alipougua ugonjwa wa kusahau na kustaafu mwaka 2014, nafasi yake ilichukuliwa na Stevie Young, mtoto wa kaka yake, ambaye alishawahi kumshikia nafasi hiyo jukwaani mwaka 1988. Hakuwa mtu wa kuokotwa kwa usaili. Alikuwa mrithi.

Wapo waliokwenda mbali zaidi. Napalm Death walianza mwaka 1981 katika kijiji cha Meriden, karibu na Birmingham. Kwenye albamu yao ya kwanza, Scum ya 1987, upande wa kwanza wa sahani ulipigwa na kundi moja na upande wa pili na kundi jingine. Aliyekuwamo pande zote mbili ni mpiga ngoma Mick Harris peke yake. Naye akaondoka mwaka 1991. Tangu hapo hakuna hata mmoja wa waliosikika kwenye albamu ile, na bado bendi inapiga na mashabiki wake hawana wasiwasi nayo. Sababu ni kwamba mpiga besi Shane Embury aliingia mwaka 1987 Harris akiwa bado yupo. Walipokezana bila mnyororo kukatika.

Kwetu suala hili lilipatiwa dawa zamani, na nashangaa kwamba halisemwi. Bendi za dansi za Tanzania ziliupa mtindo jina lake. NUTA Jazz ya 1964 ilikuwa mali ya chama cha wafanyakazi, kwa hiyo chama kilipobadilika na bendi ilibadilika jina: ikawa JUWATA Jazz, ikawa OTTU Jazz, na sasa ni Msondo Ngoma. Majina manne, wapigaji wamepishana kwa miongo, wengi wametangulia mbele ya haki, na bado ukimuuliza mzee wa Lindi atakwambia hiyo ni bendi moja, kwa sababu mtindo uliitwa Msondo. Muhidin Gurumo, aliyekuwamo tangu siku za mwanzo, alihama mwaka 1978 kwenda kuanzisha Mlimani Park. Huko hakuupeleka Msondo; aliimba mtindo wa huko, Sikinde. Alipokwenda Safari Sound akaimba Ndekule. Kisha akarudi Msondo, akaimba Msondo karibu mpaka mwisho wa maisha yake, Aprili 2014. Sauti ni ileile moja, lakini ilipoingia kila nyumba ilifuata taratibu za nyumba ile. Bendi za roki hazikuwa na desturi hiyo. Mtindo wao haukuwa na jina mbali na majina ya watu, ndiyo maana mtu akiondoka mashabiki wao wanahisi kila kitu kimeondoka naye.

Tukisogea karibu zaidi, kwenye ngoma za Wamakonde, swali lenyewe linakosa pa kushika. Katika mapiko, mchezaji huvaa kinyago cha mti kinachomfunika kichwa, mwili wote umefungwa nguo, na njia anaiona kupitia mdomo wa kinyago. Kwa desturi wanawake na wasiopita jandoni hawatakiwi kujua ni nani aliyemo. Kinachowasili uwanjani ni lipiko, yaani kinyago chenyewe, si mtu. Aliyemo ndani akizeeka, huingia mwingine aliyejifunza kwa wakubwa, na hakuna anayedai kurudishiwa pesa yake. Watazame lakini wapigaji wa vinganga, vile vigoma vidogo vyenye mguu uliochongoka unaochomekwa ardhini. Lipiko likitikisa bega, ngoma inajibu papo hapo. Kijana hajifunzi jambo hilo kwa kusimuliwa. Anakaa pembeni ya mkubwa, mikono yake ikifuata ya mwenzake, mpaka siku anaachiwa kinganga peke yake.

Nakiri kwamba sauti ya mtu ina uzito wake, na wapo waimbaji ambao nafasi yao haizibiki. Queen ni mfano, tena una damu ya kwetu, maana Freddie Mercury alizaliwa Zanzibar mwaka 1946. Alipofariki Novemba 1991, wenzake hawakumtafuta mtu wa kujifanya yeye. Brian May na Roger Taylor wamepiga miaka mingi na Adam Lambert, lakini kwenye tiketi huandikwa Queen, kisha alama ya kujumlisha, kisha jina la Lambert. Ile alama ndogo inawaambia watu ukweli kabla hawajatoa hela, na naiheshimu sana. Led Zeppelin walikwenda njia nyingine. Mpiga ngoma wao John Bonham alifariki Septemba 1980, na Desemba walitangaza kwamba hawataendelea. Waliporudi jukwaani London kwa onyesho moja mwaka 2007, ngoma zilipigwa na Jason, mtoto wa Bonham.

Sheria nayo ina jibu lake, na mara nyingi halifanani na la mashabiki. Kwake jina ni mali. Roger Waters aliondoka Pink Floyd mwaka 1985, akaenda mahakamani kuzuia jina lisitumike bila yeye, na mwishoni mwa 1987 wakapatana: jina likabaki kwa David Gilmour na Nick Mason, ingawa Gilmour hakuwa miongoni mwa waanzilishi. Kisa cha Lynyrd Skynyrd wa Florida kinanigusa zaidi. Ndege yao ilianguka Oktoba 1977, mwimbaji Ronnie Van Zant akafa pamoja na wenzake. Miaka kumi baadaye waliosalia walirudi, Johnny, mdogo wake Ronnie, akiimba. Mjane wa Ronnie alikwenda mahakamani, na makubaliano ya 1988 yakaweka sharti la kutumia jina: wawepo jukwaani watu waliokuwamo kabla ya ajali. Hata makubaliano ya mahakamani yalidai mnyororo. Mwanzilishi wa mwisho, Gary Rossington, alifariki Machi 2023, na bendi bado inazunguka. Johnny alisimama jukwaani pamoja na Rossington kwa zaidi ya miaka 30, kwa hiyo mimi nawahesabu kuwa Lynyrd Skynyrd.

Kwa vijana wenye bendi Mtwara na Lindi, hili si la kusubiri mpaka mfarakane. Jina la biashara na alama ya biashara husajiliwa BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara. Haki za nyimbo ni suala la COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na ni jambo jingine kabisa, kwa hiyo mtu anaweza kuondoka na nyimbo zake akaacha jina, au kinyume chake. Andikeni mapema, mkiwa bado mnapendana: jina ni la nani, anayeondoka anaondoka na nini, na akifa mmoja familia yake inapata nini. Na kila nafasi, hasa rizim na besi, iwe na kijana anayekaa jirani nayo mazoezini tangu sasa, akipewa wimbo mmoja mmoja jukwaani mwenye nafasi akiwa bado ana nguvu za kumsahihisha.