Je, wajua? Mafinga, mji wa mbao ulioanzia penye nyasi

Ukitoka Iringa mjini kuelekea Mbeya, baada ya kilomita 80 hivi unaingia Mafinga, makao makuu ya Wilaya ya Mufindi. Pembeni mwa barabara mbao zimepangwa zikikauka, mbili kwa nne upande huu, moja kwa nane upande ule, na fuso inapakiwa safari ya Dar es Salaam. Nyuma yake ni paini mpaka macho yachoke. Abiria wa basi anajijibu mwenyewe: hapa palikuwa na msitu mkubwa, watu wakaja na misumeno, mji ukaota, na hicho kijani ndicho kilichosalia.

Ni kinyume chake. Eneo kubwa la Shamba la Miti Sao Hill, linalouzunguka mji huo, lilikuwa vilima vya nyasi. Barabara ilitangulia, miti ikafuata, na viwanda vya mbao vikaja mwisho.

Kosa hili linaeleweka, maana Mufindi ina msitu wa asili kweli. Ila uko upande wa mashariki, kwenye ukingo wa milima unaoteremkia bonde la Kilombero, kule kwenye ukungu na mashamba ya chai. Miti yake ni ya kila aina na kila umri, imefungamana kwa mimea inayotambaa. Sasa simama ndani ya paini za Sao Hill uangalie: mistari iliyonyooka, miti yote ya kitalu kimoja ina umri mmoja, na chini kuna zulia la majani makavu, membamba kama sindano. Hiyo ni mimea ya shambani kama mahindi, isipokuwa mavuno yake huchukua miaka mingi zaidi. Hata jina rasmi linasema shamba.

Kuna watu wanaokubali kwamba palikuwa na nyasi, kisha wanaongeza kwamba nyasi hizo zililetwa na Wahehe waliochoma msitu wao. Hapo twende polepole. Ni kweli kwamba moto wa kiangazi na mifugo huzuia miche kukua. Lakini nyasi za Nyanda za Juu Kusini zina maua na okidi nyingi ambazo haziwezi kuishi kivulini, na hiyo ni dalili ya uoto wa kale sana, si kovu la juzi. Wanasayansi bado wanabishana juu ya kiasi gani ni hali ya hewa na kiasi gani ni kiberiti.

Historia yenyewe ni fupi. Wakati wa Waingereza, walowezi walilima na kufuga huku. Majaribio ya kupanda miti yalifanyika kati ya 1939 na 1951, na upandaji mkubwa ukashika kasi baada ya Uhuru, kuanzia miaka ya 1960 hadi ya 1980, kwa sehemu kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Reli ya TAZARA ilikamilika 1975. Kiwanda kikubwa cha mbao cha Sao Hill kilijengwa miaka hiyohiyo ya 1970 kwa msaada wa Norwe, na cha karatasi cha Mgololo kikaanza kazi miaka ya 1980. Leo shamba hilo, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, lina zaidi ya hekta 135,000 na ndilo kubwa kuliko yote ya serikali nchini. Si zote zimepandwa. Sehemu kubwa imeachwa kulinda vyanzo vya maji.

Kinachostaajabisha ni kwamba paini zilikubali kuota kabisa. Inayopandwa zaidi, Pinus patula, asili yake ni milima ya Meksiko. Duniani kote, paini ya asili inavuka ikweta mahali pamoja tu, kisiwani Sumatra. Afrika inazo za asili, lakini ni kule kaskazini, kama Morocco, Algeria na Tunisia. Wataalamu wa misitu walipoleta mbegu katika nchi nyingi za Afrika, zilichipua vizuri, kisha akiba ya chakula iliyo ndani ya mbegu ilipokwisha miche ikadumaa, ikageuka njano au zambarau, ikafa. Maji yalikuwepo, jua lilikuwepo. Kilichokosekana ni kuvu.

Fikiria mzizi wa paini kama semitrela. Una nguvu, unabeba mzigo mkubwa, ila hauwezi kuingia vichochoroni. Na fosforasi ya udongo, kirutubisho ambacho mmea haukui bila hicho, iko vichochoroni humo, imenata kwenye chembe ndogo ndogo. Kuvu ndiyo bodaboda: nyuzi zake, nyembamba kuliko unywele, zinapenya kila upenyo, zinabeba fosforasi na maji hadi kwenye mzizi, na zinalipwa kwa sukari iliyotengenezwa na majani. Bila bodaboda, semitrela inasimama barabarani na njaa yake, ghala likiwa hatua chache tu.

Kuvu zinazoielewa paini hazikuwemo kwenye nyasi zetu. Dawa yake haina mbwembwe: chukua udongo chini ya paini zilizokwisha kukomaa, changanya na udongo wa kitalu cha miche. Ukifukua kidogo chini ya mti mkubwa utaona ncha za mizizi fupi, zimegawanyika kama herufi Y na kuzungukwa na utando, na udongo unanukia uyoga. Masika uyoga wenyewe hujitokeza, kofia ya kahawia yenye utelezi. Nao ni mgeni kama mti wake. Tahadhari tu kwa mwenye kitalu: maji yakituama miche pia huwa ya njano, kwa hiyo usikimbilie udongo wa paini kabla hujaangalia mfereji.

Leo wengi wa Mafinga wanakula kwa mti huo. Kuna mwenye kibali cha kuvuna, vibarua wa kupogoa na wa kulinda njia zilizofyekwa za kuzuia moto kiangazi, wagema utomvu, na wenye milingoti, yaani mikaratusi, ya nguzo za umeme. Wenye viwanda vikubwa ni wachache. Wengi hupasua kwa dingdong, mashine ya dizeli yenye msumeno wa duara, inayohamishwa hadi shambani. Msumeno wake ni mnene, kwa hiyo ni kawaida zaidi ya nusu ya gogo kuishia kuwa pumba na mabanzi. Mabanzi hujenga mabanda ya kuku na kuchomea matofali.

Kwa miaka mingi mpango wa serikali ulikuwa kuvuna paini ya mbao ikiwa na takriban miaka 25. Mkulima mwenye heka mbili na ada ya shule mkononi hangoji hivyo. Wengine huuza mti hata ukiwa na miaka kumi. Mbao ya mti mchanga hupinda ikikauka. Ukiwa dukani angalia ncha ya mbao: kiini cha mti kikiwa katikati, huenda gogo lilikuwa jembamba. Rudisha, omba nyingine.