Vyombo vya kupikia jamu nyumbani: tunayoambiwa na yaliyo kweli

Embe zikijaa Mabibo na Buguruni, na mananasi ya Kiwangwa yakishushwa kwa malori, watu wengi Dar es Salaam hupata hamu ya kupika jamu yao wenyewe. Swali la kwanza huwa ni mashine gani inunuliwe. Jamu haihitaji mashine. Kazi ni mbili tu: kupunguza maji ya tunda mpaka sukari, tindikali na pektini (kitu cha asili ndani ya tunda kinachofanya jamu igande) vishikane, halafu kuzuia hewa isiingie kwenye chupa. Chombo kisichosaidia mojawapo ya kazi hizo, kiache dukani.

"Sufuria iwe ndefu, ili jamu isimwagike."

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Mvuke hutokea juu, kwa hiyo kinachotakiwa ni upana. Kwenye sufuria ndefu na nyembamba jamu hukaa motoni muda mrefu mno: rangi inageuka kahawia, harufu ya tunda inapotea, na pektini yenyewe inavunjika kwa kuchemka kupita kiasi. Ukishaona hivyo, hata ukiongeza saa nzima jamu haitashika. Ni kweli povu hupanda, tena kwa kasi, lakini dawa yake ni kutojaza. Tunda na sukari visizidi theluthi ya sufuria. Kwa kilo moja ya matunda na sukari yake, sufuria pana ya lita 5 au 6 inatosha. Ukiwa na kilo nne, pika kwa awamu.

Kitako nacho kiwe kizito. Ukiwa Kariakoo, igeuze sufuria na uibonyeze katikati kwa dole gumba, ikibonyea, iache. Anayepikia mkaa alizingatie hili zaidi, maana moto wa mkaa hukusanyika mahali pamoja na huwezi kuupunguza ghafla kama wa gesi. Jamu ikishaanza kuwa nzito, kitako chembamba huiunguza kabla hujageuza mwiko.

Zile sufuria zetu za kawaida za alumini zinapika, ila tindikali ya nanasi, pesheni au ukwaju huila alumini, na jamu inaweza kupata ladha ya chuma. Kama una uwezo wa kununua kitu kimoja tu kipya, nunua sufuria pana ya chuma cha pua, ile wauzaji wanayoiita stenlesi. Ukipikia alumini, usiache jamu ilale humo.

"Presha kuka itaharakisha."

Presha kuka hufungia mvuke ndani, na sisi tunataka utoke. Inafaa kulainisha maganda magumu mwanzoni, basi. Baada ya sukari kuingia, sufuria ibaki wazi.

"Bila blenda huwezi."

Kisu kinatosha, na jamu yenye vipande vya embe ni tamu kuliko iliyosagwa ikawa uji. Pesheni ndiyo usiitie kabisa kwenye blenda: mbegu zikivunjika unapata chembe nyeusi zinazokwaruza mdomoni. Tumia chujio na mgongo wa kijiko. Pesa ya blenda ingenunua mizani ndogo ya jikoni, ambayo ina faida kubwa zaidi. Vikombe vyetu havilingani, na kikombe cha embe iliyokatwa hakina uzito sawa na kikombe cha sukari. Sukari ndiyo inayoihifadhi jamu. Ukiikisia, huwezi kujua kama itakaa mwezi au wiki.

"Lazima uwe na kipimajoto."

Kinasaidia, na wakazi wa Dar tuna bahati: tuko usawa wa bahari, maji yetu huchemka kwenye nyuzi 100, na jamu hushika ikifika 104 au 105. Mpishi wa Mbeya hawezi kutumia namba hizo, kwa sababu huko juu maji huchemka mapema zaidi, karibu na nyuzi 95. Kipimajoto cha homa hakifai kabisa. Huishia nyuzi 42. Ukikosa kile cha jikoni, weka kisahani kwenye friza. Zima moto, dondoshea jamu kidogo juu ya kisahani, subiri dakika moja, kisha isukume kwa kidole. Ikijikunja na kuacha njia nyuma yake, imeiva.

"Chupa yoyote, mradi ni safi."

Chupa za maji za plastiki hazifai. Jamu huingia ikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 85, na plastiki ile hulainika kabla ya hapo. Tumia za kioo, hata zilizokuwa na asali au siagi ya karanga, ila zipashe moto kwanza. Kioo baridi kikikutana na jamu inayotokota hupasuka.

Kifuniko kina matatizo zaidi kuliko chupa. Kigeuze utazame ule utepe laini wa ndani. Ukiwa na ufa, kutu pembeni, au harufu ya achari isiyotoka hata kwa sabuni, kitupe. Vipya vikipatikana, nunua.

Na ile desturi ya kuipindua chupa kichwa chini ili "ijifunge"? Haitegemeki. Tandika kitambaa chini ya sufuria kubwa, panga chupa zilizojazwa na kufungwa, maji ya moto yazidi vifuniko kwa sentimita 2 au 3, uchemshe dakika 10. Zikipoa kabisa, bonyeza katikati ya kila kifuniko. Kilichotulia kimeshika. Kinachoshuka na kupanda kwa mlio hakikushika. Chupa hiyo iende friji na ianze kuliwa.