Maharage, dagaa na mboga za majani: maswali na majibu kuhusu kulisha familia pesa inapobana

Maswali haya huulizwa na akina mama na akina baba wanaopanga chakula cha nyumbani kwa pesa ya kuhesabu, hasa katika miji ya Tanzania ambako hata fungu la mchicha linanunuliwa. Vipimo vyote ni vya familia ya watu sita: watu wazima wawili na watoto wanne.

Swali: Nyama sasa tunaipata mara moja kwa wiki. Watoto hawatadhoofika?

Jibu: Hawatadhoofika, ilimradi nafasi ya nyama ichukuliwe na chakula chenye protini, si na mchuzi mtupu. Kilo moja ya maharage makavu ina protini inayokaribiana na ya kilo moja ya steki, na ikiiva inakuwa zaidi ya kilo mbili za chakula. Protini ya maharage peke yake haijakamilika, na ya mahindi au mchele vilevile. Zikikutana kwenye sahani moja zinakamilishana. Makande, wali maharage na ugali maharage ni vyakula vya maana kuliko tunavyovithamini.

Kinachoharibu ni kupunguza mahali pasipofaa. Pesa ikibana, ugali unabaki vilevile, mboga inakuwa kijiko kimoja kwa kila mtu, huku soda na chipsi za jioni zikiendelea. Anza na hizo za jioni. Pia usimhesabie mtoto supu ya mifupa kama nyama. Mifupa huacha protini kidogo sana kwenye maji, na kalsiamu yake karibu yote hubaki mfupani. Ile robo kilo ya nyama mnayoipata ikate vipande vidogo, uipike ndani ya maharage au mboga za majani. Nyama hata kidogo huusaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo humo, kwa hiyo inafanya kazi mbili.

Swali: Maharage ni rahisi kununua lakini yanamaliza mkaa. Tufanyeje?

Jibu: Tatizo huanza sokoni. Maharage yaliyokaa miezi mingi kwenye stoo yenye joto na unyevu hugeuka magumu kwa ndani, na hata uyachemshe nusu siku hayaivi vizuri. Chagua yenye ngozi inayong'aa, yasiyo na matundu ya wadudu, na muulize muuzaji kama ni ya msimu huu. Ukipata muuzaji mzuri, kilo tano kwa pamoja kwa kawaida hutoka kwa bei nafuu kuliko kununua kibaba kila siku.

Nusu kilo inatosha mlo mmoja wa watu sita. Yachambue, yaoshe, kisha yaloweke kwenye maji yanayozidi maharage mara tatu kwa saa nane hadi kumi na mbili. Sehemu za joto kama Dar es Salaam au Tanga usivuke hapo bila kubadilisha maji, maana yanaanza kuchacha na kutoa povu. Asubuhi mwaga maji yote ya kulowekea. Yanaondoka na sehemu ya zile sukari zinazojaza tumbo gesi, kwa hiyo anayelalamika kwamba maharage yanamvimbisha tumbo ajaribu hili kwanza kabla ya kuyaacha. Kama hukuloweka usiku, yachemshe dakika tatu, yafunike, yaache saa nzima nje ya moto, mwaga maji na uendelee.

Yabandike kwa maji mapya yanayozidi maharage kwa vidole viwili. Moto uwe mkali mwanzoni, yachemke kwa nguvu nusu saa nzima. Hapa tunasisitiza kwa sababu ya afya: maharage mekundu yana sumu ya asili inayovunjwa na maji yanayotokota tu. Moto mdogo tangu mwanzo hauivunji, na maharage manne au matano yasiyoiva yanatosha kumtapisha mtu na kumharisha ndani ya saa chache. Baada ya nusu saa hiyo punguza moto, funika, yaive taratibu. Maji yakipungua ongeza ya moto, kwa sababu maji baridi yanarudisha sufuria nyuma na mkaa unaungua bure. Yakilowekwa vizuri huiva kwa saa moja hadi moja na nusu. Minya harage kwa vidole viwili: likipondeka bila kiini kigumu katikati, limeiva.

Nyanya, ndimu na ukwaju vitie baada ya hapo tu. Uchachu huzuia maharage kulainika, na hili ndilo kosa linalokula mkaa kuliko yote. Watu wengi huilaumu chumvi, lakini chumvi haina hatia hiyo. Maji magumu ya kisima nayo huchelewesha. Kama unayo ya mvua, yatumie kupikia maharage.

Ukishaivisha, ambaye hana muda wa kukaa na jiko anaweza kuchemsha kilo nzima, kugawa mara mbili, nusu akaunga leo kwa vitunguu viwili, nyanya tatu na vijiko viwili vya mafuta, nusu akaiweka kwenye friji ikiwa haijaungwa. Itakaa siku tatu. Asiye na friji apike ya siku hiyo tu.

Swali: Je, kutia magadi ili yaive haraka kuna madhara?

Jibu: Yanaharakisha kweli, lakini yanaharibu vitamini B1 na kuongeza sodiamu, ile ile ya kwenye chumvi, ambayo mwenye presha anatakiwa kuipunguza. Magadi ya mawe kutoka kwenye maziwa ya Bonde la Ufa mara nyingi yana floridi nyingi pia. Kwa watoto wa mikoa kama Arusha na Kilimanjaro, ambako maji ya sehemu nyingi tayari yana floridi, magadi kila siku yanazidisha hatari ya meno kuwa na madoa ya kahawia ya kudumu. Kuloweka kunafanya kazi hiyohiyo bure.

Swali: Dagaa wana mchanga na wachungu, watoto wanakataa. Kuna namna ya kuwaandaa?

Jibu: Ipo, na inafaa kujifunza, kwa sababu kwa pesa ile ile ni vigumu kupata kitoweo kingine chenye protini nyingi hivyo. Na kwa kuwa dagaa huliwa na mifupa yake, mtoto anapata kalsiamu ambayo samaki mkubwa hampi.

Nunua wanaong'aa rangi ya fedha. Waliogeuka njano mafuta yao yameharibika. Watawasha koo na hakuna kiungo kitakachowaficha. Mchanga unatokana na kuanikwa chini ufukweni, kwa hiyo dagaa wa Ziwa Victoria walioanikwa kwenye chanja, hata wakizidi bei kidogo, wanakupunguzia kazi na hasara.

Kwa mlo mmoja tumia robo kilo. Toa vichwa na utumbo kwa kidole: uchungu uko kwenye utumbo. Wakaange bila mafuta dakika tatu kwenye sufuria kavu, ukigeuza, mpaka wakauke na mchanga uachie. Kisha waloweke kwenye maji ya uvuguvugu dakika kumi. Hapa wengi hukosea: humwaga maji pamoja na dagaa kwenye chujio, na mchanga uliokuwa umetulia chini unarudi juu yao. Waokote kwa mikono kutoka juu, mwaga maji, rudia kwenye maji mapya hadi upapase chini ya bakuli usikute punje. Maji yanayochemka usitumie, huwavunja. Wakaushe maji, wakaange kwa vijiko vitatu vya mafuta pamoja na kitunguu, tia nyanya mbili, na ndimu ukiwa unaepua.

Swali: Dona au sembe?

Jibu: Dona, kama mahindi ni mazuri. Sembe imekobolewa, na pumba na kiini vimeondoka na sehemu kubwa ya vitamini za kundi B, madini ya chuma, zinki na nyuzinyuzi. Lakini dona ina mafuta ya kiini, kwa hiyo haikai muda mrefu. Saga ya wiki mbili au tatu, siyo ya miezi mitatu.

Jambo zito zaidi ni sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga visipokauka vizuri. Haionekani kwa macho, na kupika hakuiondoi. Kenya mwaka 2004 watu 125 walifariki kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na mwaka 2016 ilisababisha vifo Dodoma na Manyara. Kabla ya kupeleka mashineni, chambua mahindi kwenye ungo na utupe yaliyovunjika, yaliyooza na yaliyobadilika rangi. Usiyapeleke kwa kuku. Karanga zilizosinyaa au zenye uchungu nazo tupa. Mahindi ya bei ya kutupwa yenye harufu ya uvundo si nafuu kwa mtu yeyote.

Swali: Mboga za majani zipikweje zisipoteze virutubishi?

Jibu: Osha majani yakiwa mazima, kata baadaye, pika dakika tano na usimwage maji. Mchicha, matembele na majani ya maboga yana asili ya vitamini A, ambayo mwili huifyonza pakiwa na mafuta kidogo, tui au karanga za kusaga. Kisamvu ni tofauti: kina sumu ya sianidi, kitwange mpaka kilainike kabisa, kisha kichemshe nusu saa bila kufunika. Chai ya rangi isinywewe pamoja na chakula, inazuia madini ya chuma. Isubiri saa moja au zaidi.

Swali: Mafuta yamepanda bei. Tupunguze mpaka wapi?

Jibu: Acha kumimina kutoka kwenye chupa, pima kwa kijiko cha chakula. Vijiko vitatu au vinne kwa mlo wa watu sita vinatosha. Mliozoea mawese mekundu ya Kigoma, msiyapashe mpaka yawe meupe. Rangi ikipotea, vitamini A nayo imepotea. Vidonge vya kiungo vya dukani sehemu kubwa ni chumvi, na mtu mzima hatakiwi kuzidi kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa siku, vyote vikijumlishwa. Ukivitumia, punguza chumvi ya sufuriani.

Swali: Kiporo cha wali kina ubaya?

Jibu: Kina ubaya kikilala sufuriani mezani. Wapo bakteria ambao mbegu zao hazifi kwa kupikwa. Wali ukikaa na uvuguvugu wanazaliana na kutoa sumu isiyokufa hata ukipasha vizuri asubuhi. Utandaze wali kwenye sinia upoe, uingize kwenye friji ndani ya saa mbili, ule kesho yake ukiwa umepashwa mpaka ufuke mvuke. Bila friji, pima mchele wa kumalizika. Wali na maharage ya nazi ndivyo vinavyowahi kuharibika.

Swali: Mtoto wa mwaka mmoja ale nini kwenye chakula hiki hiki?

Jibu: Ale hicho hicho, kikiwa kimepondwa, pamoja na kuendelea kunyonya. Uji uwe mzito wa kubaki kwenye kijiko; uji mwepesi unajaza tumbo maji. Huna haja ya unga wa lishe wa nafaka sita: unga wa mahindi, kijiko kimoja cha dagaa waliosafishwa, wakakaushwa na kusagwa, na nusu kijiko cha mafuta kwenye bakuli lake vinafanya kazi nzuri. Siku nyingine mpondee maharage, ukiwa umeyamenya ngozi. Anayemlisha ampatie papai au embe baada ya chakula, vitamini C yake inasaidia ufyonzaji wa madini ya chuma.

Kliniki humpima mtoto mkono kwa utepe. Kuanzia miezi 6 hadi 59, mkono ukiwa chini ya sentimita 11.5, huo ni utapiamlo mkali na chakula cha nyumbani peke yake hakitoshi. Miguu yote miwili ikivimba, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama uso wake unaonekana umejaa.