Je, wajua kwa nini dume wa farasi-bahari ndiye anayebeba mimba?

Farasi-bahari ni samaki, ingawa kichwa chake ni cha farasi na mkia wake hujiviringa kama wa kinyonga. Ana matamvua na mapezi, ila hana magamba. Chini ya ngozi yake kuna vibamba vya mfupa. Zipo zaidi ya spishi 40, na katika zote dume ndiye mjamzito.

Wakati wa kupandana, wawili hawa hugusana tumbo kwa tumbo, jike akapenyeza mayai kwenye mfuko ulio mbele ya mkia wa dume. Dume huyarutubisha humo humo, kisha mfuko hujifunga. Usidhani ni mkoba wa kuhifadhia tu. Ukuta wake hujaa mishipa ya damu, huwapa watoto oksijeni na chakula, na hubadilisha polepole chumvi ya maji ya ndani hadi ilingane na ya bahari. Mtoto akitoka, bahari haimshtui.

Mimba huchukua kama wiki 2 hadi 4, kutegemea spishi na joto la maji. Siku ikifika, dume hukaza mkia kwenye jani, hujikunja na kujinyoosha kwa nguvu, na kila mkunjo hurusha kundi la watoto wadogo mno, wenye umbo kamili la wazazi wao. Spishi kubwa huzaa zaidi ya watoto 1,000 kwa mara moja. Wengi mno huliwa kabla ya kukomaa.

Basi kwa nini dume? Maelezo ninayoyaona yana uzito ni haya: dume akiwa mjamzito, jike anatengeneza mayai mengine. Dume akishajifungua, mara nyingi hupokea mayai mapya ndani ya siku chache. Katika spishi nyingi wenzi hawa hukutana kila asubuhi, hubadili rangi na kucheza pamoja, na hivyo miili yao huenda sambamba.

Kushikamana hivi kunamfaa kiumbe asiyejua kusafiri. Hana pezi la mkia. Husukumwa na pezi dogo la mgongoni linalopepea mara 30 hivi kwa sekunde. Spishi iitwayo kisayansi Hippocampus zosterae, mojawapo ya zilizo ndogo kabisa, huenda mita 1.5 tu kwa saa. Ndiyo maana huishi kwenye maji ya kina kifupi penye cha kushika: nyasi za bahari, mizizi ya mikoko, matumbawe. Hapo hutulia, macho yakizunguka kila moja kivyake, hadi kijidudu kipite karibu na mdomo wake mrefu. Hukivuta kama kwa mrija. Hana meno wala tumbo la kuhifadhi chakula, kwa hiyo hula karibu mchana kutwa.

Tangu 2004 biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa na CITES, mkataba wa kimataifa kuhusu biashara ya wanyama na mimea ya porini iliyo hatarini. Lakini wengi hunaswa bila kukusudiwa, na nyavu za kukokota zinazolenga kamba wa baharini. Nyavu hizo hizo hung'oa nyasi alizokuwa ameshikilia.